Chai ya majani mazima kwenye baridi ya Julai: usiipike, iloweke

Tangu mwezi wa sita uingie swali ni lile lile. Mtu ameletewa zawadi ya chai kutoka Kericho ama Nandi Hills, anafungua pakiti anapata vitu vimejikunja kama vijiti vyeusi, sio ile ya punje tumezoea, anatupa vijiko vitatu kwenye sufuria ya maziwa, anaichemsha mpaka ipande mara tatu kama kawaida yetu, halafu ananiambia hii chai haina rangi, ama ni chungu, ama jamaa walimuuzia takataka. Hapana. Hawakukuuzia takataka. Umeipika, na hiyo chai haikutaka kupikwa.

Nimemjibu kila mtu kivyake, ofisini, kwenye ploti, kwa simu na mashemeji, sasa acha niandike yote mahali pamoja. Naishi Nakuru, upande wa Lanet, na upepo wa saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba unaujua wewe mwenyewe kama umewahi kusimama steji ukingoja matatu na sweta mbili na bado unatetemeka. Huu ndio msimu wa kujifunza hii kitu, kwa sababu chai ya majani mazima inataka ukae nayo dakika chache, na kwenye baridi nani ana haraka ya kutoka jikoni?

Ni nini hii, kwa ufupi

Chai nyingi sana ya Kenya inatengenezwa kwa njia inaitwa CTC. Mashine inaponda jani, inalirarua, inalikunja, linatoka likiwa punje ndogo ngumu. Punje inatoa rangi haraka na inavumilia maziwa na moto, ndio maana chai yetu ya maziwa ni tamu vile ilivyo na mimi siachi kuinywa. Majani mazima ni njia nyingine, viwandani wanaiita othodoksi: jani linanyaushwa, linaviringishwa bila kusagwa, linakaushwa, linabaki jani. Ladha imefungwa ndani na inatoka polepole. Hiyo tu ndio tofauti unahitaji kujua, na kila kitu nitakachosema huko chini kinatoka hapo.

Nyanya yangu ana chai kule Vihiga, si mbali na kiwanda cha Mudete. Amechuma miaka yote hiyo, majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni mpaka kituoni, na nyumbani tulikunywanga ya pakiti kutoka dukani kama kila mtu. Siku nilimpelekea chai ya majani mazima nikamwekea kwenye glasi, akaangalia vile yanashuka na kujikunjua, hakunywa kwanza. Alitoa tawi moja dogo na kijiko, akalitandaza kwenye kiganja, akalinyoosha na kidole cha gumba pole pole mpaka likalala limenyooka. Akahesabu, jani moja, mawili, na kichipukizi chake. Akasema, "Huyu alichuma vizuri." Ndio akanywa. Tunaongoza dunia nzima kwa kuuza chai nyeusi nje, na mtu anaweza kuchuma maisha yake yote bila kuliona jani lake ndani ya maji. Hilo linaniuma, na ndio sababu nyingine naandika hapa.

Uwe na hizi kabla hujawasha jiko

Majani, gramu 50 zinatosha kuanza, usinunue kilo kabla hujajua unapenda gani. Anza na nyeusi, ndio rahisi. Kama uko karibu na kiwanda ulizia getini, vingine vinauza pakiti ndogo ndogo, na Kericho mjini ukitembea maduka mawili matatu hukosi.

Kitu cha kuchemshia maji ambacho hakijawahi kupikiwa kitunguu ama supu. Naongea kwa uzito kabisa hapa. Sufuria ya aluminiamu inashika harufu, na chai nyepesi inaibeba yote.

Chombo cha kulowekea chenye kifuniko. Birika la kauri ni zuri, jagi la glasi nene ni sawa, hata kikombe kikubwa na sahani juu yake kinafanya kazi.

Kichungi kipana. Vile vidude vya duara vya kufunga na mnyororo siwezi kukushauri, jani zima linahitaji nafasi, linavimba mpaka unashangaa, ukilifungia kwenye kitu kama yai litabaki limekunjamana na utakunywa maji ya moto. Afadhali uache majani yaelee huru birikani halafu uchuje na chujio la kawaida la chai.

Kijiko cha chai, simu ya kuhesabu dakika, na taulo ndogo ama kitambaa kizito.

Thamometa huhitaji. Nitakwambia kwa nini.

Maji, na hapa tutakaa kidogo

Watu wanahangaika na majani wanasahau kikombe karibu chote ni maji. Kuna mambo mawili yanatuhusu sisi wa huku, na huwezi kuyapata yameandikwa nyuma ya pakiti.

La kwanza, maji yetu hayachemki kwa digrii 100. Hiyo 100 ni ya mtu wa Mombasa, chini kabisa kwenye bahari. Ukipanda juu hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema, unapoteza kama digrii moja kila ukipanda mita 300 hivi. Nakuru tuko kama mita 1,850, kwa hivyo sufuria ikitokota kwa nguvu zote hapa ni kama digrii 94. Kisumu, mita 1,130 na kitu, ni kama 96. Eldoret ni kama 93. Molo, kwenye mita 2,500, hata 92 hufiki, na hata ukiongeza gesi vipi maji hayapandi zaidi, yanakauka tu.

Sasa chukua ile pakiti imeandikwa "chemsha maji, acha yapoe dakika mbili, kisha mimina". Mtu wa pwani akifanya hivyo anabaki na maji yenye moto wa kutosha. Wewe wa Molo ukifanya hivyo, na hiyo baridi ya jikoni, umebaki na maji ya kuoga mtoto. Kwa hivyo chai nyeusi huku kwetu juu: mimina maji yakiwa yanatokota, papo hapo, usingoje hata kidogo, na uongeze nusu dakika hadi dakika moja juu ya muda ulioandikwa. Hilo peke yake limetibu chai ya watu wengi ninaowajua.

La pili ni floridi. Nakuru na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa maji ya visima virefu yana floridi nyingi, meno ya kahawia ya watoto tumeyaona sote. Kuchemsha hakuitoi. Tena ukichemsha sana ukarudia rudia maji yanapungua na floridi inabaki pale pale, kwa hivyo inazidi kukolea, na majani ya chai yenyewe yana floridi yake kidogo. Kama nyumbani mnatumia kisima, tafuta maji yaliyochujwa na vichungi vya kutoa floridi, vile vya mkaa wa mifupa, ama tumia maji ya mvua. Hayo maji ya visima pia mara nyingi yana chumvi chumvi na magadi, na chai ikikutana nayo inakuwa nyeusi tii kama imekolea, lakini ukionja imelala, haina uchangamfu wowote.

Maji ya mvua ndio nayapenda kuliko yote kwa chai. Ni laini, yanaacha ladha ya jani ionekane. Lakini mvua ya kwanza iachie paa ijioshe, usikinge ile ya dakika za mwanzo na vumbi na kinyesi cha ndege, tangi liwe safi na limefunikwa, na maji uyachemshe vizuri. Ndugu zangu wa Kakamega na Kisii hapa mmebarikiwa, mvua mnayo. Wa Kisumu mkitumia ya mfereji na yananuka dawa, yaache usiku mzima kwenye jagi lililofunikwa na kitambaa chepesi, asubuhi harufu imepungua sana.

Sasa tuanze, chai nyeusi ya watu wawili

1. Chemsha maji kama ml 700. Nusu lita ni ya chai, iliyobaki ni ya kupasha vyombo. Tumia maji mapya, sio yaliyolala kwenye sufuria tangu jana jioni.

2. Pasha birika na vikombe. Yakianza kutokota mimina kidogo birikani, zungusha, mimina kwa vikombe, acha humo. Hii hatua watu wanairuka na kwenye baridi ndio inaua chai. Birika la kauri lililolala jikoni usiku wa Julai ni baridi kama jiwe la mtoni, ukilimwagia maji ya digrii 94 linayanyang'anya joto mara moja. Mwezi wa pili unaweza kuiruka. Sasa hivi usiiruke.

3. Pima majani. Kijiko cha chai kilichojaa kwa kila kikombe cha ml 200, hiyo ni kama gramu 2 na kidogo. Lakini angalia majani yako: kama ni marefu yaliyosokotwa yana hewa nyingi katikati na kijiko kinadanganya, weka vijiko viwili. Kama ni mafupi yaliyovunjika kijiko kimoja kinatosha. Kwa nusu lita mimi naenda gramu 5 ama 6.

4. Mwaga yale maji ya kupasha, weka majani kwenye birika likiwa bado na joto, funika, hesabu mpaka ishirini, fungua unuse. Unaweza kunicheka lakini fanya. Hilo joto la birika linaamsha jani na utasikia harufu ambayo kwenye pakiti haikuwepo, kuna chai inanuka kama asali, kuna inanuka kama nyasi kavu baada ya mvua. Kama inanuka ukungu ama gunia, simama hapo, hiyo imeharibika.

5. Rudisha maji yatokote tena kwa nguvu na umimine. Birika liwe kando ya jiko, usitembee na sufuria mpaka sebuleni. Kama unatumia makaa funika sufuria wakati wa kuchemsha, moshi unaingia maji kabla hujajua.

6. Funika birika, lizungushie taulo, weka taima ya simu dakika 4. Usikoroge koroge. Usifungue kila saa kuangalia rangi, kila ukifungua joto linatoka.

7. Onja kwa kijiko ikifika dakika 3 na nusu, tena 4, tena 5. Mara mbili tatu za kwanza fanya hivi, ili ujue chai yako inapendeza dakika ya ngapi, kwa sababu pakiti hazifanani na hapa Nakuru si kama Kisumu. Mimi nyeusi ya kawaida naitoa dakika 4 na nusu. Rangi usiifuate! Hapa ndio tunapotea wengi, tunangoja iwe nyekundu ya damu kama ile ya punje. Jani zima linaweza kuwa na rangi ya asali na ladha ikawa imejaa mdomo.

8. Ikiwa tayari chuja YOTE. Usinywe kikombe kimoja ukaacha nyingine imekaa na majani birikani, ukirudi baada ya dakika kumi utapata ukakasi unaokausha ulimi mpaka kwa ufizi. Kama hamtamaliza sasa, chuja iende kwa chupa ya chai. Na usikamue majani na kijiko, acha yadondoke yenyewe.

9. Kunywa kidogo bila sukari kwanza. Sikukatazi sukari, nimezaliwa Western mimi, chai bila sukari nyumbani ilikuwa ishara kwamba mambo si mazuri. Lakini onja kwanza, halafu uweke nusu ya ile umezoea, utaona inatosha.

10. Majani usiyatupe. Majani mazima yana duru ya pili. Chemsha maji mengine, mimina, safari hii dakika 6. Itakuwa nyepesi na tamu tamu, mimi nainywa saa nne na viazi vitamu vya kuchemsha na kwa kweli hiyo ya pili na kiazi naipenda kuliko ya kwanza. Lakini iwe siku hiyo hiyo, ndani ya saa mbili tatu. Majani yaliyolowa yakilala usiku kucha yamwage kwenye maua.

Kosa moja nalisema kando kwa sababu kila mtu analifanya: ukitaka chai kali zaidi ongeza majani, usiongeze dakika. Dakika nyingi hazileti ukali, zinaleta uchungu.

Kama pakiti yako sio nyeusi

Ya kijani haitaki maji yanayotokota, inataka kama digrii 75 hadi 80. Bila thamometa: mimina maji ya moto kwenye kikombe baridi, yahamishe kwenye kikombe kingine, kila ukihamisha yanapoteza kama digrii 5 hadi 10, halafu ndio umwagie majani. Hapa Nakuru kuhamisha mara mbili kunatosha. Dakika 2, chuja. Unaweza kurudia mara tatu.

Nyeupe, ile ya vichipukizi vyenye manyoya ya fedha, ni ya bei na ni nyepesi sana. Hamisha maji mara moja tu, weka majani mengi, vijiko viwili vilivyojaa, dakika 5 hadi 7. Haitaki maziwa wala tangawizi wala kitu chochote. Mtu akikuletea hii usimpe mgeni anayetaka chai ya kushiba.

Ya zambarau ni yetu kabisa, mmea wake unaoitwa TRFK 306 ulitolewa kwa wakulima mwaka wa 2011 na watafiti wa chai wa Kericho. Majani yenyewe shambani ni ya rangi ya zambarau. Itengeneze kama ya kijani lakini dakika 3 hadi 4. Ikishachujwa kamulia ndimu kidogo uangalie kikombe kikigeuka waridi, ni ile rangi ya jani inabadilika ikikutana na asidi. Watoto wangu hiyo hawachoki kuiangalia.

Ya siku za baridi kabisa: tangawizi, maziwa, na chupa ya kwenda nayo kazini

Tangawizi na jani zima vinaelewana vizuri, ila mpangilio ndio muhimu. Ponda kipande cha tangawizi kama kidole gumba, kichemshe kwenye maji PEKE YAKE dakika 5 na sufuria imefunikwa, halafu hayo maji ya tangawizi ndio umwagie majani birikani. Tangawizi inataka moto, jani halitaki, kwa hivyo usivitie pamoja. Mchaichai fanya hivyo hivyo. Iliki punje mbili zilizofunguliwa zinaenda birikani na majani, karafuu moja tu, ukiweka tatu unakunywa dawa ya meno. Asali ya Baringo ukiwa nayo weka ikishapoa kidogo, na ndimu iwe ya mwisho baada ya kuchuja.

Maziwa: kwa kijani, nyeupe na zambarau usijaribu. Kwa nyeusi inawezekana kama majani ni yale mafupi yaliyovunjika, loweka na majani mara moja na nusu ya kawaida, pasha maziwa kando, changanya kikombeni. Lakini nakwambia ukweli, kama unachotaka ni chai ya maziwa ya kupanda na kushuka, nzito, ya kunywa na mandazi saa moja asubuhi, nunua ya punje na uipike vile mama alikufundisha. Hiyo ndio kazi yake na inaifanya vizuri. Kupika majani mazima na maziwa ni kuharibu jani na kuharibu maziwa.

Chupa ya kazini: usitie majani ndani ya chupa ukafunga ukaenda nayo. Naona watu wengi wanafanya hivi na saa nne wanalalamika. Ndani ya chupa joto haliendi popote, jani linaendelea kutoa mpaka mchana. Loweka birikani, chuja, pasha chupa na maji ya moto kwanza dakika 5, mwaga, ndio utie chai na ufunge. Na kama hiyo chupa imebebanga chai ya maziwa miaka mitatu ina harufu hata kama huisikii, tia kijiko cha bekingi soda na maji ya moto, iache usiku, suuza vizuri, kifuniko na ile mpira yake pia. Ile mpira ndio mbaya zaidi.

Na haya ya mwili kidogo: chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwa mboga na maharagwe, kwa hivyo usiinywe pamoja na chakula, ngoja kama saa moja, na kama nyumbani kuna mama mjamzito ama mtoto mdogo hili mlishike sana. Ukiwa mtu wa kukosa usingizi kikombe cha mwisho kiwe saa tisa ama saa kumi alasiri. Nyeusi kali kwenye tumbo tupu inaletea wengine kichefuchefu, kula hata kipande cha nduma kwanza.

Ikikukataa, angalia hapa

*Ni chungu na inakausha mdomo.* Imekaa sana ama umeichemsha na majani ndani. Punguza dakika moja. Kama ni ya kijani, maji yalikuwa moto mno.

*Ni kama maji tu.* Angalia kwa mpangilio huu: birika lilikuwa baridi? Maji yalikuwa yanatokota wakati wa kumimina? Majani yalitosha? Karibu kila mara ni moja ya hizo mbili za kwanza, hasa mkiwa Molo, Timboroa, Eldoret. Kama zote tatu ziko sawa, basi majani ni ya zamani.

*Kuna utando juu kama mafuta.* Sio mafuta. Ni maji magumu, chokaa na madini mengine yanakutana na chai hewani. Badilisha maji, jaribu ya mvua ama ya kuchujwa, ama kamulia ndimu kidogo, utando unapotea.

*Ilikuwa safi, ikapoa ikawa na mawingu kama nimetia maziwa.* Haijaharibika. Chai yenye nguvu ikipoa vitu vyake vinashikana na kafeini na inakuwa na ukungu. Ipashe ama ongeza maji ya moto, itarudi kuwa safi. Chai yetu inafanya hivi sana na ni dalili kwamba ina kitu ndani.

*Inanuka moshi na sijanunua ya moshi.* Makaa, ama sufuria. Funika, ama uchemshe kwa gesi.

*Inapoa kabla sijafika nusu.* Umeruka hatua ya 2. Ama kikombe chako ni kile kipana kama bakuli, kwenye baridi tumia chembamba chenye kuta nene, na umimine nusu nusu huku birika likiwa ndani ya taulo lake.

*Vipande vidogo vinapita kwenye kichungi.* Chini ya pakiti kuna vumbi kila mara. Tikisa majani kwenye kichungi kikavu kabla ya kupima, na lile vumbi liweke kando, ukichanganya na ya punje kwenye chai ya maziwa halipotei bure.

*Ilikuwa tamu mwezi uliopita, sasa haina ladha, na pakiti ni ile ile.* Hii ni ya kuhifadhi, na msimu wa mvua na baridi ndio inaonekana. Jani kavu linanyonya unyevu na linanyonya harufu kama pamba. Nilikuwa na pakiti nzuri ya Nandi nikaiweka kwa kabati la jikoni, kwenye shelfu moja na omena (dagaa) kutoka Kisumu, omena kavu tu, imefungwa kwa karatasi. Wiki mbili. Kila kikombe kilikuwa na ziwa ndani, na hakuna kitu unaweza kufanya kuitoa, nilimwaga gramu 200. Tumia mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, kausha kabisa kabla ya kutia, usiuweke juu ya jiko kwenye mvuke wala dirishani kwenye jua, na usitumie glasi inayoonyesha ndani. Friji pia hapana, ukitoa mkebe baridi kwenye hewa ya jikoni unatoa jasho ndani. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu, kila siku. Ukiitunza hivyo nyeusi inakaa mwaka mzima na zaidi, ya kijani ijitahidi kuisha ndani ya miezi sita. Na omena iwe na kabati lake.